Nimepata 515 GMAT, nirisiti haraka au nihamie GRE? (niko Dodoma)

Dada wa Ipagala:

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana tangu juzi kichwa hakijakaa sawa kabisa. Mimi ni mhasibu, kazini ni Mtumba, naishi Ipagala, nina miaka sita kazini na nataka kwenda kusoma MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje, na vyuo ninavyovitaka vyote vinataka GMAT au GRE, ile mitihani ya kuombea nafasi chuoni. Nimejisomea miezi miwili na nusu, narudi nyumbani saa kumi na mbili napika nakula, saa mbili na nusu nakaa mezani mpaka saa sita usiku, karibu kila siku, hata harusi ya binamu yangu Kondoa sikwenda.

Jumamosi iliyopita nikaufanya onlaini hapa hapa nyumbani nikapata 515. Hesabu 79, lugha 76, ile sehemu ya data 71. Wakati kwenye mitihani ya majaribio nilikuwa naenda 570, 580. Nilianza na hesabu, swali la sita likanishika nikasema hili siliachi, nikakaa nalo dakika tano nzima, mwishoni maswali manne nikawa nabofya tu bila kusoma. Baada ya hapo sikutulia tena, na sehemu ya data niliiweka mwisho nikaikuta nimeshachoka. Kinachoniuma zaidi ni hesabu, CPA ya uhasibu ninayo, namba ndo kazi yangu ya kila siku, sasa nashindwaje.

Dedilaini za kutuma maombi awamu ya pili kwa vyuo vyangu ni mwanzoni mwa Januari na sasa hivi ndo tunaanza Oktoba. Nirudie haraka kabla sijasahau nilichosoma? Ada inazidi dola 250, hela niliyoitoa kwenye kikoba, siwezi kuitupa mara mbili. Na kuna mtu ofisini ananiambia achana nayo fanya GRE ni nyepesi. Aliyewahi kurudia aniambie ukweli.

Mdau wa Nkuhungu:

Pole dada. Kurudia unaruhusiwa baada ya siku 16, na ndani ya miezi 12 unaweza kuufanya mara tano. Halafu hiyo 515 hakuna chuo kitakachoiona kama hujaituma wewe mwenyewe, siku hizi unaona alama kwanza ndo unachagua pa kutuma, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Nina swali moja. Ulikuwa unasoma vitabu gani? Maana mtihani ulibadilika Novemba 2023, na ule wa zamani wakaufunga kabisa mwishoni mwa Januari 2024.

Dada wa Ipagala:

Kitabu kikuu aliniachia kaka mmoja wa ofisini, cha 2019. Nikaongezea video za bure mtandaoni. Mitihani ya majaribio nilikuwa nafanya ile ya kwenye hicho kitabu, halafu mmoja wa kwenye tovuti ya wenye mtihani.

Mdau wa Nkuhungu:

Basi hapo umepoteza wiki nyingi sana bila kujua. Kitabu cha 2019 kina jiometri, kina sehemu kubwa ya kusahihisha sentensi za Kiingereza, kina insha. Vyote hivyo vimeondolewa. Mtihani wa sasa una sehemu tatu tu, kila moja dakika 45, hesabu maswali 21, lugha 23, data 20, basi. Na alama zenyewe sio zile za zamani za kuishia 800, sasa zinaanza 205 mpaka 805 na zote zinaishia na 5. Ile 700 mnayoisikia kwenye video za zamani kwa sasa ni kama 645. Kwa hiyo hata hizo 570 na 580 za kwenye majaribio sijui kama zilikuwa zinapima mtihani unaoenda kuufanya.

Baba Neema:

Dada yangu nimesoma hapa nikajiona mimi mwenyewe miaka miwili nyuma. Nimeufanya mara tatu, nikapata 555, halafu 535, halafu 635. Angalia hiyo ya katikati, ilishuka, na hiyo ndo niliyoifanya haraka haraka siku ya 17 kwa mawazo kama yako kwamba nisije nikasahau. Nililipa ada nyingine kwenda kufanya makosa yale yale nikiwa na hasira.

Kilichobadilika kwenye ya tatu ni daftari, counter book ya kawaida nimenunua pale karibu na soko la Majengo. Kila swali nililokosa, na kila swali nililopata kwa kubahatisha au nililokaa nalo zaidi ya dakika tatu, naliandika humo kwa maneno yangu, sio jibu, naandika nilifikiri nini mpaka nikakosea. Baada ya wiki tatu nikalisoma lote jumapili moja mchana, nikashangaa, nilikuwa nimeshikilia imani kwamba sijui hesabu za uwezekano kumbe makosa ya uwezekano yalikuwa manne tu. Makosa zaidi ya thelathini yalikuwa ya kusoma swali vibaya, limeuliza asilimia ya kilichobaki mimi nimetafuta asilimia ya kilichotumika, limesema namba nzima mimi nimesahau kwamba sifuri nayo ni namba nzima. Sasa hayo hata ungesoma sura nzima ya uwezekano mara kumi yasingeondoka. Nikaanza kuandika kwenye karatasi kitu kinachoulizwa kabla sijagusa hesabu yoyote, nikakizungushia duara, ndo nasolvu.

Na hilo la dakika tano kwenye swali moja naomba ulichukulie kwa uzito, sisi watu wa hesabu ndo linatumaliza. Ukiwa mhasibu kitabu kisipobalansi huendi nyumbani, unatafuta hata shilingi kumi imepotelea wapi. Huu mtihani hautaki hivyo. Maswali 21 kwa dakika 45 ni dakika mbili na sekunde chache kila moja, na huwezi kuliruka swali ukarudi, lazima ujibu ndo uendelee. Ila sasa wameweka kitu kizuri, unaweza kuweka alama kwenye swali, ukimaliza sehemu nzima na muda umebaki unarudi kubadilisha majibu, mwisho matatu. Kwa hiyo ikifika dakika mbili na nusu hujaona njia, chagua, weka alama, nenda. Kuacha maswali ya mwisho bila kuyajibu kunakata alama vibaya kuliko kukosa moja gumu la katikati. Mimi nilifanya mazoezi ya kuacha, kweli kabisa, nilikaa na saa ya simu naweka dakika mbili na nusu ikilia naacha swali hata kama nimebakiza mstari mmoja. Wiki ya kwanza iliniuma sana, ya pili nikazoea.

Mpangilio wa sehemu nao unachagua mwenyewe. Kwa kuwa data ndo inakuangusha usiiweke mwisho, iweke ya kwanza au ya pili, na ile dakika kumi ya mapumziko ichukue, unywe maji.

Kingine, mimi ya pili na ya tatu nilifanyia Nairobi. Niliondoka Dodoma asubuhi, nikapita Kondoa na Babati, nikalala Arusha, kesho yake Namanga mpaka Nairobi, na nikapumzika siku nzima kabla ya mtihani. Ni gharama, lakini ile ya kwanza niliifanyia nyumbani Chang'ombe umeme ukakatika nikiwa kwenye sehemu ya pili, sitaki hata kukumbuka.

Mwalimu wa Msalato:

Baba Neema kasema vizuri. Mimi nafundisha hesabu sekondari na nimewasaidia vijana watatu kujiandaa na huu mtihani, naomba niongeze kwenye hiyo sehemu ya data maana 71 ndo pa kupandisha alama haraka, sehemu zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla.

Humo ndani kuna yale maswali ya taarifa inatosha au haitoshi. Wanakupa swali na taarifa mbili, hawataki jibu lenyewe, wanataka useme ni taarifa ipi inatosha kulipata. Hapo wenye hesabu nzuri wananaswa. Jaribu hili: mama kanunua sokoni maembe ya shilingi 700 kila moja na maparachichi ya shilingi 500 kila moja, vyote vizima vizima na kila aina angalau moja. Kanunua maparachichi mangapi? Taarifa ya kwanza, kalipa jumla 5,300. Taarifa ya pili, matunda yote yalikuwa 9.

Mwanafunzi mzuri anasema haraka, vitu viwili visivyojulikana vinahitaji milinganyo miwili, kwa hiyo lazima zote mbili. Amekosa. Chukua taarifa ya kwanza peke yake, toa embe moja inabaki 4,600, haigawanyiki kwa 500. Maembe mawili inabaki 3,900, hapana. Matatu 3,200, hapana. Manne inabaki 2,500, maparachichi matano. Endelea mpaka saba, hakuna inayokubali tena. Kwa hiyo ya kwanza inatosha yenyewe, kwa sababu matunda hayanunuliwi nusu. Ya pili peke yake haitoshi. Nimewapa vijana wote watatu swali la aina hii na wote mara ya kwanza waliniambia zote mbili.

Dada, kila ukiona jibu la zote mbili linakuja kirahisi, simama, ijaribu moja moja. Kalkuleta ipo kwenye sehemu hiyo ya data tu, kwenye hesabu haipo, kwa hiyo mazoezi ya hesabu fanya kwa mkono.

Binti Singida:

Kuhusu GRE, mimi nimefanya zote mbili kwa hiyo sio stori za kusikia. Sio nyepesi, ni tofauti. Hesabu zake kwangu zilikuwa laini kidogo na kalkuleta unapewa kwenye skrini, lakini jiometri ipo, na misamiati ya Kiingereza ni mizito kwelikweli, maneno ambayo hata kwenye magazeti huyaoni. Mimi nilisoma lugha chuo nikaona inanifaa. Wewe mhasibu, kwenye lugha una 76, ukihamia GRE Oktoba hii unaanza kukariri maneno mamia na jiometri upya huku Januari inakuja. Kwa vyuo haina shida, Harvard, INSEAD, London Business School wote wanapokea yoyote kati ya hizo mbili. Shida ni muda wako. Kaa na GMAT.

Kwenye lugha kitu kilichonisaidia ni hiki, kila nikimaliza kusoma kile kifungu kirefu nafumba macho nasema kwa Kiswahili sentensi moja, huyu mwandishi anataka nini. Kikinishinda kukisema kwa Kiswahili basi sijakielewa, hata kama kila neno la Kiingereza nalijua. Na yale maswali ya hoja ni ya kutafuta kitu ambacho msemaji amekichukulia kuwa kweli bila kukisema. Mtu anasema nimepaka duka rangi mpya, wateja wameongezeka, basi rangi imeleta wateja. Jiulize haraka, je wiki hiyo hiyo jirani anayeuza vitu vile vile kafunga? Ukizoea kuuliza hivyo hata kwenye daladala unasikiliza redio unatafuta shimo la hoja.

Halafu naomba nikwambie dada mwenzangu, kusoma saa mbili na nusu mpaka saa sita baada ya siku nzima ya ofisi, hapo unaenda kusinzia juu ya kitabu. Mimi nilihamishia asubuhi, saa kumi na moja mpaka saa moja kasoro, Dodoma alfajiri kuna utulivu wa ajabu na kabaridi kanakuweka macho. Masaa yalipungua, lakini kichwa kilikuwa changu.

Dada wa Ipagala:

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili, na hilo la kitabu cha 2019 limenikata maini, jiometri peke yake niliipa karibu wiki tatu.

Nimeamua hivi. Sirudii ndani ya siku 16. Naweka tarehe jumamosi ya kwanza ya Desemba, matokeo yakiwa mabaya bado siku 16 zinaingia kabla ya mwaka mpya. Yale majaribio mawili ya bure ya kwenye tovuti yao moja bado sijaligusa, nalitunza mpaka katikati ya Novemba. Data naiweka ya kwanza. Daftari nimeshanunua leo, nimeanza kwa kuandika lile swali la sita, na nilipolisolvu jana kwa utulivu lilichukua dakika moja na nusu, nilikuwa nimesoma "angalau" kama "sio zaidi ya".

Mwalimu, kama hutojali, jumamosi naweza kuja Msalato na maswali ya data yaliyonishinda? Nitakuja na ya kwangu kumi, na nina mdogo wangu form four anarisiti hesabu, nitakuja naye.

Mwalimu wa Msalato:

Njooni wote, saa tatu asubuhi. Andika maswali kumi kwenye karatasi bila majibu, na pembeni ya kila moja andika ulichokuwa unafikiri. Mdogo wako aje na pepa aliyoifanyia mtihani kama anayo.