Ushauri: baiskeli ya mbio yenye shokapu mbili inanivuruga mlimani. Nitazoea, au nirudi mkia mgumu?

Kilele Kavu
Wakuu, salamu kwenu. Nina jambo linaninyima raha na mbio ziko karibu. Nimepata baiskeli ya mbio za milimani yenye shokapu mbele na nyuma, milimita 120 kila upande, fremu ya kaboni, magurudumu ya inchi 29, gia 12. Miaka yote nimeendesha mkia mgumu, yaani isiyo na shokapu nyuma, kwa hiyo hapa ni mgeni kabisa.

Kwenye mizizi na mawe madogo nimeipenda mno. Gurudumu la nyuma halirukiruki, unakaa kwenye siti na kuendelea kukanyaga pale ambapo zamani ungelazimika kusimama, na kona yenye changarawe unaingia ukiwa na imani. Mlima mkali ndio unaonitesa. Mkia unazama, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuyumba huku na huku, pedali zinagonga mawe niliyokuwa nayapita bila hata kuyafikiria. Nikishuka, mikono inakufa ganzi. Nimefunga shokapu kwa ile liva ya kwenye usukani, bado naona mkia uko chini.

Ndivyo zilivyo hizi baiskeli na nitazoea? Au nirudi mkia mgumu kabla ya mbio?

Kona Kali
Pedali ikigonga jiwe inapiga hodi mkuu. Usipoitikiwa, rudi nyumbani na mkia wako mgumu 😂

Mzee wa Matope
Rudi mkia mgumu, sikufichi. Absalon, yule Mfaransa, alichukua dhahabu ya Olimpiki Athens 2004 akarudia Beijing 2008, zote mkia mgumu, magurudumu ya inchi 26. Sisi wa zamani tulianza na foki (uma wa mbele wenye shokapu) za springi zisizozidi milimita 80 na breki za rimu. Matope yakijaa kwenye breki unashuka unakwangua kwa kijiti, unapanda tena. Nakumbuka siku moja mvua ilinyesha kuanzia mstari wa kuanzia, tukawa tunabeba baiskeli mabegani kuliko zinavyotubeba. Aliyeshinda siku ile hakuwa na gia za mbele kabisa, ziligoma, akamaliza na sahani moja. Leo sahani moja mnaiita teknolojia.

Bibi Gia
Mzee wangu, heshima yako, lakini hadithi haikuishia Beijing. London 2012 Kulhavý wa Ucheki alishinda kwa shokapu mbili na magurudumu ya 29. Rio 2016 Schurter wa Uswisi naye shokapu mbili. Njia za mbio zimekuwa za mawe na miruko, ndiyo maana wengi wamehama.

Kilele Kavu, kabla hatujailaumu baiskeli: una kilo ngapi, una urefu gani, fremu ni saizi gani, na shokapu ya nyuma ina hewa psi ngapi (kipimo cha mgandamizo)? Hayo umeyaruka yote.

Jasho Jingi
Mchagua jembe si mkulima. Vijana mnabadilisha vyuma, miguu mnaiacha vile vile. Paris 2024 Pidcock wa Uingereza alipata pancha, akasimama kubadilishiwa gurudumu, akawafukuza waliomtangulia na akashinda. Ile ilikuwa miguu na moyo. Lala mapema, panda milima, acha kuhesabu milimita.

Kilele Kavu
Asanteni wote. Dada Bibi Gia, uzito wangu ni wa kawaida tu na baiskeli nikikaa naiona sawa. Hewa ya nyuma sijaigusa kwa sababu ilikuja ikiwa imeshapangwa vizuri. Ya mbele niliiongeza, maana foki ilikuwa inadidimia nikishika breki. Pia nimeshaagiza stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ya milimita 100 badala ya hii ya 60 ili nipate nafasi zaidi na kulirudisha gurudumu la mbele chini. Naomba tujikite kwenye swali: zinazoeleka?

Fundi Spoki
"Imeshapangwa vizuri" na nani, kwa uzito wa nani? Shokapu ya hewa haina mpangilio mzuri wa watu wote. Na mtu anayeagiza stemu ya 100 kwa sababu anataka nafasi, kuna kitu kuhusu fremu hajatuambia.

Bibi Gia
Ndicho nilichouliza. Uzito wa kawaida si kipimo, ndugu yangu.

Kilele Kavu
Haya. Baiskeli ni ya mwenzangu wa timu. Tumebadilishana, yeye amechukua mkia mgumu wangu, tumeshapeana mikono. Ana kilo 66 na urefu wa sentimita 172 hivi. Mimi ni kilo 88, sentimita 187. Fremu ni M. Najua mtasema ni ndogo, lakini wanambio wengi wanachagua fremu fupi ili igeuke haraka, na bomba la siti nimelipandisha hadi magoti yako sawa. Kwa hiyo saizi si tatizo. Tatizo ni mlimani tu.

Fundi Spoki
Sasa tunaongea. Kilo 22 za tofauti halafu unauliza kama utazoea?

Fanya hivi. Kwenye bomba la shokapu ya nyuma kuna kijipete cha mpira. Fungua lokauti, ile liva ya kufunga shokapu. Egemea ukuta, kaa kwenye siti ukiwa umevaa kila kitu unachovaa kwenye mbio, kijipete ukisukume hadi kwenye mwili wa shokapu, shuka polepole bila kudunda. Pima kilivyosogea. Nyingi za milimita 120 zina shokapu yenye mwendo wa milimita 45, yaani ndiyo mwisho wake wa kubonyea. Kwa mbio unataka asilimia 20 hadi 25, yaani milimita 9 hadi 11. Leta namba. Na muulize mwenzako shokapu ilihudumiwa lini, maana RockShox kwa mfano wanataka sehemu ya hewa ifunguliwe kila saa 50 za kuendesha na ya mafuta kila saa 200.

Mzee wa Matope
Sisi springi ulikuwa unabadilisha ya chuma. Mtu mzito alikuwa na springi yake kwenye begi. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa akiweka…

Jasho Jingi
Mzee, tumalize kwanza huyu kijana. Ingawa mimi nasema kilo 88 nazo zijadiliwe.

Kona Kali
Muache na kilo zake, nyingine ni misuli ya mapaja hiyo.

Kilele Kavu
Nimepima. Milimita 16. Nimerudia, ni 16 tena. Ila nasisitiza, hata nikiifunga inazama.

Rimu Tupu
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. Huu uzi umetungwa. Kwanza "nimepata baiskeli", kisha ni ya mwenzako, kisha mmebadilishana. Saizi ilifichwa hadi alipobanwa. Na hili la mwisho ndilo limemuumbua: shokapu iliyofungwa haizami, ndiyo maana ya kuifunga. Mtu aliyekaa kwenye baiskeli hiyo angejua. Mnampotezea muda mtu anayeandika hadithi akiwa kwenye kochi, au ana baiskeli ya M anatafuta wa kumuuzia na anapima upepo.

Kona Kali
Duh. Kweli picha hatujaona hata moja.

Jasho Jingi
Mimi nilihisi. Mtu mwenye mbio karibu hana muda wa kuandika aya ndefu hivyo.

Kilele Kavu
Nimeumia kusoma haya. Sijasema nauza kitu. Nilisita kutaja saizi kwa sababu nilijua mtaishia hapo hapo na hakuna atakayejibu nilichouliza. Mwenzangu ni mtu wangu wa karibu, nikirudisha baiskeli kwa sababu ambayo nilipaswa kuijua tangu mwanzo, nitamwambia nini?

Fundi Spoki
Rimu Tupu, kuwa na wasiwasi ni haki yako, ila kwenye lokauti umekosea. Lokauti haibebi uzito wa mtu. Inazuia mafuta yasipite haraka ndani ya shokapu. Anayebeba uzito ni hewa. Huyu anakaa, mkia unazama milimita 16 za shokapu, anaanza kupanda, ndipo anafunga. Shokapu inabaki pale pale ilipokwisha kuzama. Isitoshe nyingi za mbio zina vali inayofunguka ukigonga kitu kwa nguvu, ili isipasuke. Anachokisema kinawezekana kabisa, na mtunzi asingekipatia hivyo.

Tena angalieni hesabu. Milimita 16 kwenye mwendo wa 45 ni zaidi ya asilimia 35. Kwenye gurudumu hiyo ni karibu milimita 43, wakati ingetakiwa 24 hadi 30. Mkia uko chini kwa sentimita moja na nusu hivi kuliko inavyopasa. Hapo pembe ya foki inalala kwa karibu robo tatu ya digrii, ekseli ya pedali inashuka, na uzito wako unarudi nyuma ya gurudumu. Mbele kunayumba, pedali zinagonga. Halafu foki ameijaza hewa, kwa hiyo pua imepanda zaidi, na mikono inapokea kila jiwe. Malalamiko yake yote manne yamepata maelezo bila kumlaumu mtu wala baiskeli.

Bibi Gia
Asante fundi. Na kusema kweli, Rimu Tupu, mtu akificha jambo haina maana ametunga. Watu huficha kile wanachoogopa kuambiwa.

Kilele, ongeza hewa ya nyuma kwa pampu ya shokapu, psi 10 kwa 10. Kila ukijaza, idundishe mara kadhaa hewa isambae ndani, ndipo upime, hadi ufike milimita 10 au 11. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye shokapu. Ribaundi, yaani kasi ya shokapu kurudi juu, nayo ifunge kidogo, maana hewa ikiongezeka mkia utakurusha. Foki ipunguze hadi izame milimita 18 hadi 24 ukiwa umesimama kwenye pedali. Hata tairi zina hewa ya mtu wa kilo 66, ziangalie. Uendeshe njia ile ile unayoifahamu, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Stemu usiifunge bado.

Kilele Kavu
Nimefanya kama mlivyosema. Ilibidi hewa ipande sana hadi kufika milimita 11. Baiskeli ni nyingine! Pedali hazigongi tena isipokuwa kwenye jiwe moja ambalo hata mkia mgumu uliligonga. Kupanda nimekaa kuna raha ambayo sikuwahi kuipata, tairi ya nyuma inashika udongo mkavu na nguvu yote inaenda mbele. Ganzi imepungua sana. Kwenye miteremko ya mizizi nilikuwa naachia breki mahali ambapo zamani nilikuwa nabana meno.

Kilichobaki: mlima mkali kabisa mbele bado kunapepea kidogo, na kwenye kona za kujikunja goti linagusa usukani. Ndiyo maana bado naamini stemu ya 100 itamaliza kazi. Tayari imefika.

Bibi Gia
Goti kugusa usukani ni fremu inakuambia saizi yake. Stemu itakusogeza mbele, mlimani utaona nafuu, sikatai. Lakini teremka nayo: kifua kitakuwa juu ya gurudumu la mbele, usukani utageuka taratibu kuliko unavyotaka, na kwenye mruko utakuwa unaitafuta nafasi nyuma ya siti. Siti yenyewe umeipandisha kwa mtu wa 187. Baiskeli za sasa zimetengenezwa na fremu ndefu na stemu fupi kwa sababu hiyo. Ukirefusha stemu kwenye fremu fupi umepata ubaya wa pande zote mbili.

Swali langu la mwisho kwako. Mwenzako anasemaje kuhusu mkia mgumu wako?

Kilele Kavu
Anasema umemzidi urefu, mgongo unamuuma. Ila hajalalamika sana, ni mtu mpole.

Mzee wa Matope
Kumbe wote wawili mnateseka kwa adabu!

Rimu Tupu
Sawa, naamini sasa. Kitu kama hicho mtu hatungi. Lakini picha bado naidai.

Kilele Kavu
Nitaleta picha. Nimemwandikia mwenzangu tukutane na baiskeli zote mbili. Sijamwambia kwa nini. Mkia mgumu wangu kwa mbio hizi utatosha, halafu nitaanza kutafuta yenye shokapu mbili saizi L, maana kuiacha hii raha kabisa siwezi tena. Stemu sijui nitaifanya nini.

Fundi Spoki
Mwambie kabla hajafika, asije akadhani mmekutana kuendesha. Na hewa uliyoijaza kwenye shokapu usimwachie, kilo 66 zikikaa hapo haitazama inavyopasa, atarushwa. Andika psi zako pembeni, umrudishie zake, na foki vile vile.

Kona Kali
Na stemu nipe mimi, nina fremu ya zamani inayoitaka.