Mkono wa baba unatetemeka akiwa ametulia: je, huu ni ugonjwa wa Parkinson?

BintiUjiji

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba maelezo kuhusu hali ya baba yangu, ambaye amevuka miaka 60 na ambaye kazi yake tangu ujanani imekuwa kutengeneza nyavu za dagaa hapa Ujiji. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa ameulaza juu ya paja, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kana kwamba anaviringisha punje ya mtama, lakini akishika sindano ya kushonea nyavu mtetemeko unakoma. Kwa sababu hiyo baadhi ya ndugu wanasema anajitakia, wengine wanasema ni kiharusi, na shangazi anashikilia kwamba amerogwa. Siku hizi anatumia muda mrefu kufunga vifungo vya shati, sauti yake imefifia, na uso wake umekuwa kama wa mtu aliyeudhika hata tunapocheka naye. Mganga wa zahanati ametaja ugonjwa wa Parkinson na kutuandikia rufaa ya Hospitali ya Maweni. Ninataka kuelewa ni kitu gani kinachoharibika mwilini, kwa nini mkono utulie akiwa kazini, na kama kuna faida ya kwenda huko ikiwa ugonjwa wenyewe hauna tiba ya kuuondoa.

TabibuMstaafu_Kasulu

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Mzee hajitakii, na hilo ndilo la kwanza nyumba nzima inapaswa kulijua, kwa sababu mgonjwa anayedhaniwa kuwa mwongo huacha kusema anavyojisikia.

Ndani kabisa ya ubongo, sehemu ya chini, kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuuendesha kwa ulaini. Katika ugonjwa wa Parkinson seli hizo hufa taratibu kwa miaka mingi, na dalili za mwendo zinapoanza kuonekana, takriban nusu ya seli hizo, pengine zaidi, huwa zimekwisha kupotea. Ndiyo maana hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema ugonjwa ulianza. Kiharusi huja kwa ghafla. Huu hunyemelea, mara nyingi ukianzia upande mmoja wa mwili kabla ya kuenea hadi wa pili. Hauambukizi, na walio wengi hawakuurithi.

Kuhusu mkono kutulia akishika sindano, hiyo ni alama muhimu sana mbele ya daktari. Mtetemeko wa Parkinson huonekana zaidi kiungo kikiwa kimepumzika na hupungua mtu anapokitumia kwa makusudi, ilhali kuna mtetemeko mwingine, wa kawaida zaidi, ambao hujitokeza pale mtu anapoinua kikombe au kuandika. Hata hivyo msiutazame mtetemeko peke yake. Kwa maoni yangu unaomwangusha mgonjwa ni uzito wa mwendo na kukakamaa kwa misuli: vifungo vya shati, sauti inayofifia, na uso usiocheka. Uso huo si wa hasira, binti yangu. Ni misuli iliyopungua kuchezacheza.

Muulizeni pia kama hanusi vizuri, kama anapata choo kigumu, na kama hupiga kelele au kurusha mikono akiwa usingizini, kwa kuwa dalili hizo zinaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka. James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika habari za wagonjwa sita, na baadhi yao aliwaona tu njiani. Mpaka leo utambuzi hutegemea zaidi jicho la daktari na historia anayopewa, wala hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoumaliza ubishi. Hapa kwetu wengi hawafikii hatua hiyo: uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa na ugonjwa huu hawakuwa wametambuliwa kabla. Nendeni Maweni.

MwanaTabora

Dada, mimi namtunza mama yangu mwenye ugonjwa huu hapa Tabora, na ningependa kujibu swali lako la faida. Dawa haiui ugonjwa wala haizuii seli kufa, lakini inamrudishia mtu siku yake. Mama anatumia levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ikifika kwenye ubongo, na kabidopa huizuia isigeuke njiani. Kabla ya dawa alikuwa akilishwa, na sasa anasonga ugali mwenyewe.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi ni saa. Protini ya chakula hushindana na levodopa kuingia mwilini, kwa hiyo tulishauriwa ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, na kwenu Kigoma, ambako dagaa hawakosekani mezani, hilo litawahusu sana. Asinyimwe dagaa, apangiwe muda tu. Dozi ikichelewa mama hukakamaa, na miguu yake hugoma mlangoni kana kwamba imegandishwa sakafuni. Hapo hatumvuti. Tumechora mistari ya chaki sakafuni, naye hulenga kuuruka mstari, na mara nyingi mguu hunyanyuka. Tena dawa isikatishwe ghafla hata kama inaonekana imezoeleka, kwani kuna hatari ya homa kali na kukakamaa kwa mwili mzima.

BintiUjiji

Shikamoo mzee, na asante sana, ndugu wa Tabora. Nimewasomea wote nyumbani, naye baba amekiri kwamba hasikii tena harufu ya mawese yakichemka. Jirani ametuletea unga wa mbegu za upupu akisema unatibu ugonjwa huu. Je, tumpe wakati tunasubiri?

TabibuMstaafu_Kasulu

Marahaba, binti yangu. Jirani hakubuni, kwani mbegu za upupu zina levodopa ya kweli na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini kiasi kilichomo hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, hazina kabidopa, na zinaweza kumletea kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu anaposimama, na kuona vitu visivyokuwapo. Akizitumia sasa, daktari atashindwa kujua anachokiona ni ugonjwa au ni mbegu. Ziwekeni kando, na mkienda mwambieni kwamba mlipewa.

Chukueni pia maganda na chupa za kila dawa aliyowahi kumeza kwa miezi iliyopita, hata za kuzuia kutapika. Metoklopramidi, pamoja na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, zinaweza kuleta mtetemeko na kukakamaa kunakofanana kabisa na Parkinson, na hali hiyo mara nyingi hupungua dawa husika inapoondolewa kwa usimamizi wa daktari. Je, mzee amekuwa akitumia dawa yoyote ya tumbo?