Mita moja si futi tatu: mafundi na madalali wa Dodoma, mnatugharimu

Wanajukwaa, heshima zenu.

Ninaandika uzi huu nikiwa Nzuguni, katika nyumba isiyo na madirisha, mwezi huu wa Julai ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua kwa upepo na vumbi lake. Madirisha yenyewe yapo. Yako saba uani, yameegemezwa ukutani na kufunikwa turubai, kwa sababu hakuna hata moja linaloingia mahali pake.

Ramani ya nyumba inaonyesha dirisha la milimita 1500 kwa 1500. Mwashi alijenga hivyo hivyo, akapiga plasta ya milimita 15 kila upande, uwazi ukabaki 1470. Fundi wa aluminiamu hakuona haja ya kuja kupima. Aliitazama ramani akiwa kwenye karakana yake, akaniuliza, "Mama, mita moja na nusu si ndiyo futi tano?" kisha, kabla sijamjibu, akaandika kwenye karatasi ya makubaliano "5 x 5" bila kutaja ni tano za nini, nami kwa uzembe wangu nikatia saini. Futi moja ni milimita 304.8, kwa hiyo futi tano ni 1524, na dirisha la 1524 haliingii kwenye uwazi wa 1470 hata likisomewa dua.

Nilipompigia simu alisema tofauti ni sentimita tano tu, nimwambie mwashi achonge plasta. Plasta ikichongwa yote, uwazi unarudi kwenye 1500 na bado unapungua milimita 24, maana yake ni kwamba nianze kukata matofali na kuigusa lenta (boriti ya zege iliyo juu ya dirisha), katika nyumba ambayo nimemaliza kuipaka rangi, ili ukuta ulioko sahihi ulifuate dirisha lililokosewa. Alipoona nimenyamaza akaongeza kwamba karatasi inasema tano, na dirisha ni la futi tano. Hapo ndipo hasira ziliponipanda, kwa sababu kwa karatasi ile alikuwa anasema kweli.

Ningekuwa nimekutana na jambo hili mara moja nisingewasumbua. Lakini katika ujenzi huu huu, fundi wa msingi wa uzio alikuwa na kanuni yake kwamba mita moja ni futi tatu. Mzunguko wa kiwanja changu ni mita 100, yeye akaufanya futi 300, akakadiria mawe, mchanga na saruji kwa hesabu hiyo. Futi 300 ni mita 91 na sentimita 44. Msingi ulipobakiza zaidi ya mita nane kuifikia bikoni ya mwisho, mawe yakaisha, saruji ikaisha, na mimi nikaanza kuwatuhumu vijana wa watu kwamba wameuza mifuko. Hawakuiba. Mfuko wa saruji ulikuwa umeibwa na hesabu ya fundi tangu siku ya kwanza, na gharama ya lori la pili la mawe nikailipa mimi, si yeye. (Hata kifaa chenyewe cha kupimia mita tunakiita futikamba, sijui tulitarajia nini.)

Bati nalo lina mchezo wake. Bei nilitajiwa ya bati la futi kumi, na stakabadhi ikaandikwa futi kumi, lakini bati lililoshushwa lilikuwa la mita tatu. Futi kumi ni mita 3.048. Muuzaji ataniambia milimita 48 ni nini, na kwa bati moja ningekubaliana naye; mimi nilinunua bati 60, na milimita 48 mara 60 ni mita 2.88, yaani nimelipia karibu bati zima ambalo halikuwahi kupakiwa kwenye gari.

Kuhusu mabomba sitasema mengi. Bomba la plastiki linaloitwa la nusu inchi limeandikwa ubavuni milimita 20, na la robo tatu limeandikwa 25, kwa kuwa nusu inchi hapo ni jina la ukubwa wa bomba, wala si upana utakaoupata ukilipima kwa rula. Mafundi bomba wanalijua hilo na hawakosei. Jina ambalo kila mtu anajua linamaanisha kipimo gani halinidhuru. Sina ugomvi na televisheni ya inchi 32 wala na mtu anayejitambulisha kuwa na urefu wa futi sita.

Ugomvi mkubwa zaidi ninao na madalali wa ardhi. Nilinunua ekari moja upande wa Hombolo kwa ajili ya zabibu. Dalali alikuja na mzee wa kupima, na mzee akapima kwa hatua 70 kwa hatua 70, kwa kuwa huku kwetu ndivyo ekari inavyojulikana. Ekari halisi ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo ili hatua 70 kwa 70 zitoe ekari, kila hatua lazima iwe ya sentimita 91 hivi, ambayo ni hatua ya mtu mrefu mwenye haraka. Mzee wetu alikuwa mfupi na hakuwa na haraka yoyote. Nilipokwenda baadaye na futikamba ndefu nilipata mita 58 upande mmoja na mita 55 upande wa pili (nadhani upande wa pili alikuwa amekwisha kuchoka), yaani mita za mraba 3,190. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 3 niliyopanga kupandia, hapo pamepotea mahali pa miche zaidi ya 140. Wakati huo huo wapo wanaosema ekari ni mita 70 kwa 70, ambazo ni mita za mraba 4,900. Kwa hiyo neno moja lina ukubwa wa aina tatu, na sijawahi kumsikia muuzaji akichagua ule mkubwa.

Najua nitajibiwa kwamba tumezoea. Babu zetu walizoea pishi, lakini kila aliyekwenda sokoni alijua kwamba pishi ni vibaba vinne, na hakuna aliyetajiwa pishi akapimiwa frasila. Treni ya mwendokasi iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 inapita kwenye reli yenye upana wa milimita 1435, ambao asili yake ni futi nne na inchi nane na nusu za Waingereza, wakati reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa mita moja kamili. Hakuna mhandisi aliyesema hizo zote ni "futi tano kasoro" na kuagiza mataruma kwa kukisia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, tunayo. Anayetaka kutumia futi na atumie, mradi aandike neno "futi" na apime kwa futi, asiniuzie kwa futi akanikabidhi kwa mita.

Kwa sasa ninamtafuta fundi wa aluminiamu hapa Dodoma atakayefika mwenyewe, apime kila uwazi kwa milimita, aandike "mm" baada ya kila namba, na aniambie kama fremu hizi zinaweza kupunguzwa au vioo vyote vimekwisha kuwa hasara. Anayemfahamu aniandikie leo, kwa sababu turubai la dirisha la chumba cha watoto limechanika jana usiku.