Mashua ya tanga ya mita 6.4, Matema: mashine ya HP ngapi inatosha?

Mwambao_Kyela
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua mashine za boti. Nina mashua ya tanga ya mbao, mita 6.4 toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kwenye mstari wa maji ina mita 5.6. Tupu ni kama kilo 700. Ikibeba watu wanne, nanga na mizigo inafika 1,100. Tezi ni bapa, mashine inafungika. Inatembea Ziwa Nyasa, kati ya Matema na vijiji vilivyo chini ya milima ya Livingstone. Mashine ni ya upepo ukikatika, kuingia na kutoka ufukweni, na pale upepo wa kusi unapoikuta mashua nje. Duka moja Mbeya mjini wananisukumia HP 15 ya kuchanganya oili kwenye petroli (mipigo miwili), wanasema ndogo haitafika. Nyingine waliyonayo ni HP 6 ya mipigo minne. Ipi, na kwa nini?

Tezi_na_Omo
Mkuu, achana na 15. Si mashine mbaya, ila mashua yako haina pa kuipeleka hiyo nguvu.

Mashua yenye mkuku (uti wa chini) inapasua maji, haipandi juu yake kama fiba nyepesi. Mwendo wake una kikomo kinachotokana na urefu wa mstari wa maji: chukua kipeuo cha pili cha mita hizo, zidisha kwa 2.43, unapata noti. Kwako kipeuo cha 5.6 ni 2.37, kwa hiyo kikomo ni noti 5.7 hivi, kama kilomita 10.6 kwa saa. Ukifika hapo mashua inakaa katikati ya wimbi ililolitengeneza yenyewe. Ukiongeza mafuta, tezi inazama, omo inanyanyuka, petroli inaisha, mwendo ni ule ule.

Ndiyo maana mashine ya mashua ya tanga huchaguliwa kwa uzito. Kanuni inayotumika sana ni HP 4 kwa kila tani moja, mashua ikiwa na mzigo wake wote. Kilo 1,100 ni HP 4.4. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mashine hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo ongeza asilimia 5: HP 4.6. Hiyo 6 inatosha na akiba inabaki.

Angalia mafuta pia. Mipigo minne ikifunguliwa mwisho hunywa karibu lita 0.38 kwa kila HP kwa saa, kwa hiyo 6 ni lita 2.3. Hiyo 15 ya kuchanganya ikifunguliwa mwisho hufika lita 7. Ukiiendesha polepole siku nzima ili kubana matumizi, plagi zinaloa oili na masizi yanajaa kwenye ekzosi. Mashine ya namna hiyo hugoma siku unapoihitaji.

Mlingoti
Naunga mkono, lakini HP ni nusu tu ya jambo. Mashua nyingi za tanga zinahangaika kwa sababu ya shafti fupi. Wimbi likinyanyua tezi, propela inatoka majini, mashine inapiga kelele bila kusukuma, na hapo hata HP 40 haisaidii.

Shafti fupi ni sentimita 38, ndefu ni 51, ndefu zaidi ni 64. Unapima toka juu ya ubao unapofungwa mkono wa mashine hadi kwenye bamba lililo juu ya propela. Kwa mashua ya tanga bamba hilo likae sentimita 10 hadi 15 chini ya maji, mashua ikiwa imebeba. Tupimie: toka juu ya ubao wa tezi hadi majini ni ngapi?

Uliza pia pichi ya propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Ya kawaida kwa 6 huwa na pichi ya inchi 8 hivi, ya boti nyepesi. Wewe tafuta inchi 6 au 7. Ukifungua mwisho na mzigo kamili, mizunguko ifike ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Isipofika, pichi ni kubwa na mashine inabebeshwa mzigo usio wake.

Mwambao_Kyela
Nimepima leo ikiwa na watu wanne. Toka juu ya ubao hadi majini ni sentimita 48.

Mlingoti
Basi shafti ndefu ukiifunga juu ya ubao, bamba litakuwa sentimita 3 tu chini ya maji. Haitoshi. Weka kibao cha pembeni, juu yake pawe sentimita 37 toka majini. Hapo bamba linashuka hadi 14. Fupi hata usiifikirie: hata kwenye kibao hicho bamba lingekuwa sentimita 1 tu chini ya maji.

Kibao kiwe cha mninga au mbao nyingine ngumu, unene sentimita 4. Paina ya Sao Hill hapana. Mikono ya mashine inaibonyeza, inalegea, kisha inaoza. Kaza kwa bolti nne za milimita 10 zisizoshika kutu, zipenye ubao wote wa tezi, na ndani uweke bamba la chuma ili nguvu isambae. Skrubu za mashine hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo funga mnyororo wa usalama toka kwenye mashine hadi kwenye mashua. Maji ya Nyasa yana kina kirefu, ikidondoka nje imekwenda.

Kusi_Mkali
Mimi ningesema 8. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi inapanda ziwa kwa urefu wake, zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kichwani mwa ziwa. Wimbi linalofika pale limekua njia nzima. Upepo wa noti 25 unakandamiza karibu kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Ubavu wa omo, mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na watu waliokaa ni kama mita 4 za mraba, hivyo kilo 40 zinakurudisha nyuma kabla hujagusa wimbi lenyewe. Wenzangu wamepiga hesabu ya maji matulivu.

Tezi_na_Omo
Kusi_Mkali, hesabu yako ya upepo ni sahihi na nilipaswa kuiweka. Ila kuanzia 8 mashine nyingi huwa na silinda mbili na uzito unaruka toka kilo 27 hadi karibu 40, zote nyuma kabisa ya tezi. Za 4, 5 na 6 mara nyingi ni mashine moja yenye uzito mmoja, ndiyo maana nasema achukue 6 na si 4.

Kusi ikimkuta nje, asielekeze omo moja kwa moja kwenye upepo. Ateremshe foromali, ajaze tanga dogo, mashine iende nusu, apite kwa pembe ya nyuzi 40 hivi. Aangalie mashua isilale sana: ikilala upande usio wa mashine propela inatoka, na mipigo minne ikilala kupita kiasi oili haifiki inapotakiwa.

Fundi_Kabureta
Jambo moja hamjaligusa. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Mashine ikiwashwa kwenye pipa pale, hewa ni nyepesi, petroli inazidi, itatoa moshi na kusitasita. Usimruhusu fundi apunguze petroli kwenye kabureta ili ingurume vizuri dukani. Ukishuka nayo Kyela hewa inakuwa nzito, petroli inapungua, mashine inachemka, na ya kuchanganya oili inaweza kukamata pistoni. Ibaki ilivyotoka kiwandani, urekebishaji ufanyike ziwani.

Ukiamua ya kuchanganya, kwa nyingi ni 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita, ila kitabu chake ndicho kinachosema. Oili iwe yenye alama ya TC-W3, ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji. Ile 2T ya misumeno inayouzwa kila duka Mafinga ni ya mashine zinazopozwa kwa hewa.

Visiki_Mtera
Kwa wa bwawa la Mtera hesabu ni hiyo hiyo, ongezeni asilimia 7 badala ya 5. Ila huko kuna miti iliyokufa chini ya maji. Acheni kitasa cha kuinua mashine kikiwa wazi mkienda mbele, ili ikigonga inyanyuke, na mbebe pini za propela tatu au nne.

Mwambao_Kyela
Asanteni sana wakuu. Nachukua 6, shafti ndefu. Kuna la ziada la kununua dukani palepale?

Fundi_Kabureta
Impela ya pampu ya maji (kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza mashine), plagi mbili, pini za propela. Ufukwe wa Matema ni mchanga. Ukiwasha kwenye maji ya magotini impela inakula mchanga na kuisha. Piga kasia hadi kina cha mita moja ndipo uwashe, kisha hakikisha mashine inakojoa maji mfululizo. Yakikatika, zima hapo hapo. Na vile vipande vya kuzuia kutu chini ya mashine, omba vya magnesi. Zinki ni ya bahari, kwenye maji baridi haifanyi kazi ipasavyo.