Chesi: ubaoni nawafunga, blitzi ya mtandaoni wananifunga wao, nakosea wapi?

saa_inaniua:
Wakuu habari zenu. Kabla hamjaanza naomba msinipe zile za "fanya mafumbo kila siku", hizo nishazipitia zamani sana. Mimi si mgeni kwenye hii kitu, mashindano ya ubaoni ya saa ndefu nina reitingi (alama za kiwango) ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, 2080 na ushee, mafumbo nayatatua vizuri tu, endgemu (mwisho wa gemu, kete zimebaki chache) za ngome nimezisoma mpaka naziota. Ila blitzi ya 3+0 (dakika 3 kila mtu, bila sekunde za nyongeza) pale tovuti ya Lichess nimekwama mwaka na nusu sasa, napanda 2330 narudi 2240, napanda tena narudi tena, kama ndoo ya kisimani.

Na wala kinachoniuma siyo kufungwa, kinachoniuma nafungwa na watu ambao nikiipitia gemu na injini (programu ya kuchambua gemu) nakuta nilikuwa juu karibu muda wote. Jana nina ngome na poni mbili, yeye ngome tupu, mimi sekunde 9 yeye 31, akaanza kunipigia cheki za pembeni huku na huku mpaka saa ikaniishia. Juzi ndo balaa kabisa, nimebaki na mfalme na poni moja, jamaa ana mfalme na farasi, hanifungi hata tukeshe, saa yangu ikaisha naandikiwa nimefungwa!! Hiyo nayo ni haki kweli?

Nikiwa mweupe naanza e4, nikiwa mweusi nacheza Sicilian, tawi lake la Najdorf. Nibadilishe ufunguzi? Nicheze buleti (gemu za dakika moja) nipate kasi? Au niachane nayo tu nirudi ubaoni kwangu.

kete_ya_mwisho:
Mkuu usibadilishe kitu chochote kwanza. Chukua gemu 20 za mwisho ulizofungwa, fungua uchambuzi, kuna grafu ya muda wa kila mwendo, hiyo ndo uiangalie, ya injini achana nayo kabisa leo. Tafuta vile vinguzo virefu, pale ulipokaa sekunde 10 na kuendelea, halafu jiulize swali moja tu: mwendo niliocheza baada ya kukaa hapo ni mwingine, au ni uleule niliouona sekunde ya pili? Mimi nilipofanya hivi nilijionea aibu mwenyewe, karibu kila mahali ni uleule. Sekunde 15 zote zimeenda kujihakikishia kitu nilichokuwa nakijua.

Na huu ni ugonjwa wa watu wanaoijua chesi. Mtu wa 1500 anaona mwendo mmoja anaucheza yameisha, wewe unaiona mitatu yote mizuri unaanza kupima upi umeuzidi mwenzake 0.2 za injini (1 ni kama poni moja). Kwenye gemu ya saa mbili kila mtu hiyo ndo inakupa ushindi, kwenye dakika 3 inakuzika. Piga hesabu, dakika 3 ni sekunde 180, gemu ikifika miendo 60 (na nyie wapenda endgemu zinafika) una sekunde 3 kwa kila mwendo, ukikaa 25 mara moja umeshakula miendo minane ya mbele. Mimi nimejiwekea, mwendo wa 15 ukinikuta niko chini ya 2:10 najua nimeshaanza kufungwa hata kama injini inasema niko +1.

Sisemi usikae kabisa. Kaa pale poni zinapokaribia kufungana au kufunguka maana muundo ukishabadilika haurudi, kaa pale mfalme wa mtu yuko hatarini kweli kweli, na kaa pale unapotaka kubadilishana malkia uingie endgemu. Kwingine kote, mwendo kama hauachi kete na hauharibu kitu, ucheze. Mwendo mbovu kidogo uliouchezea sekunde 2 ukamkalisha mwenzako 20 ni mwendo mzuri bana, injini iseme inavyotaka.

vidole_viwili:
Mnazunguka sana, jibu ni mausi. Unacheza na nini mkuu, mausi ya kweli au unapapasa padi ya laptopu? Huyo wa cheki za pembeni wala hakuwa anawaza, alikuwa anabofya. Jifunze primuvu (kuweka mwendo wako kabla mwenzako hajacheza) vizuri. Lichess primuvu haikukati muda hata kidogo ila unaweka moja tu kwa wakati, tovuti nyingine ya Chess.com unapanga nyingi mfululizo ila kila moja inakula sekunde 0.1, na ikitokea haiwezekani tena inafutika tu. Sekunde 9 kwa mtu mwenye mkono ni nyingi mno.

shabiki_wa_b3:
Primuvu ni tamu mpaka siku ukutane na mimi hahaha. Naanza 1.b3, nikiona mtu kajibu g6 papo hapo najua Bg7 (B ni askofu) keshaiweka tayari, nacheza 2.Bb2 primuvu yake inaruka yenyewe, 3.Bxg7 askofu kaliwa bure na ngome ya h8 imekwama haina pa kukimbilia. Watu wa 2300 wanaingia humo kila wiki. Weka primuvu pale ambapo kama akila na wewe utakula, hakuna namna nyingine. Ukiweka huku hujui anacheza nini hiyo ni kamari.

tawi_la_pili:
Mimi napingana kidogo na kete_ya_mwisho hapo aliposema asibadilishe kitu. Najdorf kwenye blitzi ni mzigo mkuu. Siyo mbaya, tatizo umekariri miendo 20 ya mstari mkuu halafu mpinzani wako anakimbia mwendo wa pili, anakuwekea 2.c3 au anakutolea poni bure kwa ile Smith-Morra, wewe ndo unaanza kukuna kichwa na yeye yuko nyumbani kwake, kaicheza hiyo mara elfu. Ukifika mwendo wa 12 yeye ana 2:50 wewe 2:15 na hakuna kilichotokea bado.

Fanya hivi, ile hazina ya funguzi ya Lichess chuja iwe blitzi tu na reitingi za saizi yako, halafu tembea nayo uone watu wanakujibu nini hasa. Utashangaa, yale uliyosoma kwenye vitabu yanatokea mara chache mno na takataka zinatokea kila siku. Kwa kila takataka tafuta jibu moja, moja tu, hata kama siyo la kwanza kwa injini, ila liwe linakupa nafasi unayoielewa na miendo inayofuata inajicheza. Mimi nilihamia ufunguzi wa Caro-Kann kwa sababu hiyo, ingawa wewe kama unaipenda Najdorf baki nayo tu, ziba matundu ya pembeni.

Buleti usiguse. Buleti inakufundisha kutupa miendo ya matumaini, ukirudi kwenye blitzi unakuta unatumaini mwenzako haoni, na wa 2300 anaona.

kete_ya_mwisho:
@tawi_la_pili hapo kwa matundu ya pembeni nakubali. Nilichoogopa ni aache kila kitu aanze ufunguzi wa London System kesho, nimeona wengi wakifanya hivyo, wiki mbili baadaye wanalalamika gemu zote zinafanana.

sare_tupu:
Kwani lazima 3+0? Mashindano ya dunia ya blitzi ya FIDE ni 3+2 (sekunde 2 za nyongeza kila mwendo), hata Titled Tuesday, mashindano ya Chess.com ya wachezaji wenye vyeo, kwa miaka walicheza 3+1. Zile sekunde za nyongeza zipo kwa sababu, na mtu anayeziota endgemu za ngome halafu anakwenda kucheza 3+0 ni kama mpishi anayejinyima moto. Jaribu 3+2 mwezi mmoja. Ukitaka 3+0 kwa ubishi wako sawa, ila jua kwamba saa ni kete pia, usije kulia hapa.

Kuhusu farasi. Ni haki kabisa. Lichess wanafuata mantiki ya sheria za FIDE, saa yako ikiisha unafungwa ikiwa mwenzako ana njia yoyote ile halali ya kukupiga mati (mfalme asiponyoke), hata ya kipuuzi ambayo wewe mwenyewe ungemsaidia. Ukiwa na poni, poni inaweza ikageuka kete ikamziba mfalme wako mwenyewe kwenye kona na farasi akamaliza, kwa hiyo mati ipo. Chess.com ndo wanaandika sare kwa mfalme na farasi mmoja. Maana yake nini, pale umebakiwa na sekunde 2 na hutaweza kuigeuza ile poni, mpe tu! Akiila, yeye anabaki na farasi na mfalme, wewe mfalme tu, gemu inakatika hapohapo sare. Ulikuwa na nusu pointi mkononi ukaing'ang'ania poni.

saa_inaniua:
@sare_tupu duh. Nimeirudia ile gemu, farasi alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye poni yangu na mimi ndo nikaikimbiza mbele isiliwe. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Wakuu nimefanya ile ya grafu, sikufanya 20 nilifanya 40 maana nilikuwa siamini. 17 nimefungwa kwa saa, na 11 kati ya hizo injini inasema nilikuwa mbele. Kinguzo kirefu kuliko vyote karibu kila gemu kiko mwendo wa 12 mpaka 16, pale pale ninapotoka kwenye ninachokijua. Kuna moja nimekaa sekunde 38, THELATHINI NA NANE, nikacheza Re1 (ngome kwenda e1 tu). Na Re1 niliiona kabla mwenzangu hajamaliza kuachia mausi.

Mausi ninayo @vidole_viwili, siyo padi.

kete_ya_mwisho:
Hahaha Re1 ni yetu sote hiyo. Sasa kacheze gemu 10 tu kwa siku, usicheze 40, na ukifungwa mbili mfululizo funga kompyuta, maana ya tatu huchezi chesi unalipiza kisasi. Na usiangalie reitingi, angalia muda uliobaki mwendo wa 15, uandike pembeni kila gemu.

shabiki_wa_b3:
Na ukikutana na 1.b3 usijibu g6 haraka

saa_inaniua:
@shabiki_wa_b3 kumbe ni wewe?? Mwezi uliopita kuna mtu kanila hivyo hivyo, miendo mitatu, niliizima kompyuta kwa waya.