Kimondo cha Mbozi kilikuwa asteroidi au nyotamkia?

Msafiri wa Nyanda za Juu:
Ndugu zangu, salaam. Mwezi uliopita nilifika Mbozi, mkoani Songwe, nikakipapasa kile kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi. Ni chuma kitupu, baridi, chenye vishimo kama vya vidole vilivyobonyeza udongo mbichi. Shuleni tulikaririshwa asteroidi, nyotamkia na vimondo kana kwamba ni aina tatu za mawe. Je, hiki kabla ya kuanguka kilikuwa kipi?

Mwalimu wa Jiografia:
Ndugu Msafiri, hizo si aina tatu. Asteroidi na nyotamkia ni majina ya vitu vinavyolizunguka Jua, ilhali kimondo ni jina la kipande cha kitu kama hivyo kinapoingia katika angahewa letu na kuwaka. Kwa kuwa Kiswahili hutumia neno hilo hilo kwa ule mwako wa angani na kwa jiwe linalookotwa chini, wanafunzi wangu huchanganyikiwa kila mwaka. Hicho cha Mbozi kina chuma takriban asilimia 90, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Mchanganyiko huo hutokana na asteroidi iliyowahi kuyeyuka, chuma kikazama hadi kiini chake, kisha ikagongwa na kuvunjika. Kwa hiyo ulishika kiini cha asteroidi.

Mkesha Nyota:
Naongezea kuhusu nyotamkia, ambayo ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Inapolikaribia Jua, barafu hugeuka gesi bila kupitia hali ya maji, na gesi hiyo huondoka na vumbi. Wengi hudhani kwamba mkia hufuata nyuma kama vumbi la basi la Mbeya, lakini sivyo: mkia husukumwa upande ulio mbali na Jua, hivyo nyotamkia inapoondoka hutanguliwa na mkia wake. Ile ya Halley ilipita mwaka 1986 na inatarajiwa tena mwaka 2061.

Msafiri wa Nyanda za Juu:
Ahsante, mwalimu, nawe Mkesha. Basi mwamba au chuma ni asteroidi, barafu ni nyotamkia, na mpaka wake uko wazi?

Mkesha Nyota:
Laiti ungekuwa wazi. Mwaka 1949 ilionekana nyotamkia yenye mkia, ikapotea. Mwaka 1979 ikaonwa tena bila mkia, ikaorodheshwa kuwa asteroidi, na baadaye tu ndipo ikagundulika kwamba ni ile ile. Leo ina majina ya pande zote mbili: asteroidi namba 4015 na nyotamkia Wilson–Harrington. Tena, manyunyu mengi ya vimondo hutokana na vumbi la nyotamkia, lakini yale ya katikati ya Desemba hutokana na Phaethon, ambayo ni asteroidi. Tarehe 14 usiku, kama hakuna mawingu, kaa nje utayaona.