Watoto wa Bi Mwajuma (washiriki 11)

JUMAPILI

Zuhura 19:04: Assalaam alaykum. Alhamisi saa mbili asubuhi Mama ana kliniki ya miguu. Nani anampeleka? Naomba jibu leo, si Jumatano usiku kama kawaida yenu.

Zuhura 19:51: Mmesoma watu tisa. Nawaona.

Kassim 20:02: Wa alaykum salaam. Si kucha tu hiyo? Ile iliyong'oka mpaka leo imefika nusu. Mnunulieni vidonge vya kukuza kucha.

Zuhura 20:04: Kassim, kucha ya mguu inasogea kama milimita 1.5 kwa mwezi. Ya mkono inakwenda mara mbili ya hapo. Kidole gumba mpaka kijae ni mwaka, hata mwaka na nusu, na kwa umri wake ni taratibu zaidi. Ina miezi minane tu, kwa hiyo nusu si mbaya. Na vidonge vya biotini kwa mtu asiyepungukiwa ni kumtajirisha muuzaji.

Jumbe 20:06: Kumbe kucha ya Mama ina mbio kuliko mchango wa Kassim 😂

Rehema 20:06: 😂😂😂

Kassim 20:09: Tusianze. Aliyemdondoshea Mama mtungi mguuni anajijua.

Jumbe 20:10: Niliomba radhi. Mara mbili.

Mwanaidi 20:12: Ujumbe huu umefutwa

Zuhura 20:13: Mwanaidi, nimeuwahi. Tutaongea pembeni.

Zuhura 20:19: Haya. Mimi hofu yangu ni ya mguu wa kushoto. Imekuwa nene, manjano, inamomonyoka ukingoni. Huenda ni fangasi, ila si kila kucha ya manjano ni fangasi, wachukue kipande wakapime kwanza. Dawa ya kumeza ni kama wiki 12 na wanaangalia ini, kwa hiyo mtu asimnunulie kitu dukani. Rehema, ile rangi ya sikukuu nayo ipumzike, inaficha.

Rehema 20:21: Lakini anaipenda 😢

Zuhura 20:22: Na wembe kampa nani? Anachimba pembe! Kucha ya mguu unaikata ikiwa imenyooka, isiwe fupi sana, pembe unaziacha, la sivyo inazama nyamani. Kikata kucha chake kiko wapi?

Kassim 20:24: Muulize aliyekiazima kwenye harusi.

Jumbe 20:24: Harusi ya kwanza au ya pili? 🤣

Mama Mkubwa 21:17: Wanangu. Leo baada ya alasiri nimemvua mama yenu kiatu. Soksi imeloa damu. Msumari ulipenya soli, katembea nao tangu asubuhi, hakusikia kitu. Akaniambia, dada, usiwaambie watoto. Basi nimewaambia.

Zuhura 21:18: Ya Rabi. Kidonda kimeoshwa? Ana sukari, hawezi kungoja Alhamisi!

Mama Mkubwa 21:25: Nimeosha, nimefunga. Sindano ya pepopunda hajachomwa.

Kassim 22:40: Kesho alfajiri nampitia. Ila saa nne lazima niwe kazini.

Zuhura 22:41: Saa nne foleni itakuwa haijaisha. Nani atampokea Kassim?

Zuhura 22:58: Rehema? Jumbe?

Jumbe 23:06: Nikipewa ruhusa nitasema.

Zuhura 23:06: Utajua saa ngapi?

Zuhura 23:31: Jumbe.

JUMATATU

Idi 05:12: Wa alaykum salaam. Jana nililala mapema. Alhamisi mimi nina nafasi.